Chuma Ulete Amevaa Kanga Yako
Safu ya Shangazi Mizania, mshauri wa nyoyo na madroo

Wanangu, barua za wiki hii zimelowa machozi. Mmoja analia na mganga, wa pili na mpenzi, wa tatu na mkewe. Nimezisoma zote nikiwa na kikokotoo mkono mmoja na chapati mkono wa pili, na kama kawaida mkosaji nimemkuta ndani ya droo. Tuanze.

*

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama lishe, Mwananyamala. Ikifika saa nane mchana sufuria zangu ziko tupu, watu wanagombea ukoko. Lakini mwisho wa mwezi nakopa kwenye kikoba ili nilipe kodi ya kibanda. Jirani yangu anauza kidogo kuliko mimi, na juzi kanunua friji. Mganga kasema nimetupiwa chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta pesa za mtu. Anataka 150,000 na jogoo mwekundu. Nitoe?*
— Mwenye Sufuria Tupu

Marahaba, mwanangu. Jogoo mtengenezee supu uuze. Hiyo 150,000 usiitoe kwanza, njoo na daftari la mistari kama la watoto wa shule.

Sahani ya wali maharage unauza 2,000. Kwa bei ulizoniandikia, mchele, maharage, mafuta, mchicha na mkaa vinakula 1,400 kwa kila sahani. Inabaki 600. Usiibusu, bado si yako. Mwenye kibanda anataka 150,000 kwa mwezi, binti anayeosha vyombo 130,000, mlinzi na mzoa taka 20,000. Jumla 300,000, na watu hao hawaulizi kama mvua ilinyesha ukalala na wali wako. Hizo ndizo gharama za kudumu. Zile 1,400 ni gharama zinazotembea na sahani: ukipika zipo, usipopika hazipo.

Sasa gawa 300,000 kwa 600. Unapata sahani 500 kwa mwezi, yaani kama 20 kwa siku ukifanya kazi siku 26. Kuanzia sahani ya kwanza mpaka ya ishirini wewe ni kibarua wa mwenye kibanda. Ya ishirini na moja ndiyo inayoanza kukujua jina.

Na wewe unauza 40 kila siku! Mwezi mzima sahani 1,040, mara 600 ni 624,000. Toa zile 300,000, inabaki faida ya 324,000. Faida ipo, mwanangu, na si haba. Nani anaila?

Umeungama mwenyewe bila kujua. Umeandika kwamba unapika sahani 45, na tano "zinaenda nyumbani tu". Hizo tano kwa 1,400 kwa siku 26 ni 182,000. Nauli ya watoto, 2,000 kila asubuhi kutoka kwenye kopo la mauzo, ni 52,000. Mchango wa kitchen party ya binamu, 50,000, nao umetoka kwenye kopo hilo hilo. Piga mwenyewe: zimebaki 40,000. Na hapo sijagusa upawa wa pili, ule wa "mama, ongeza maharage kidogo", ambao nao ulinunuliwa sokoni kwa pesa.

Kwa hiyo chuma ulete nimemwona kwa macho yangu. Amevaa kanga yako, na pesa kazifunga pindoni.

Sikukatazi kulisha wanao. Nakuomba ukubali kwamba kibanda na wewe ni watu wawili. Jipangie mshahara, tuseme 8,000 kwa siku ya kazi. Nauli, michango na sahani za nyumbani vitoke humo, mshahara usipotosha upunguze, na watoto wakila andika kama mteja mwingine yeyote aliyekula, mlipaji ni mama yao. Utaona kitu cha ajabu: mwezi ujao mwenye kibanda atalipwa bila kikoba, na binamu atapata 20,000 na nasaha njema. Wahenga walikwisha sema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mganga anachokuuzia ni hiyo habari, tena kwa bei mbaya.

*

*Shangazi, nimekaa naye miaka miwili. Nimemgharamia milioni mbili na laki nne. Nimempeleka kwa wataalamu mara tatu. Asubuhi ananguruma vizuri, jua likipanda ananyamaza mbele za watu, naaibika. Rafiki zangu wanasema achana naye. Nikikumbuka nilivyohangaika kumpata Kariakoo, moyo unakataa. Sasa mtaalamu anataka laki nne nyingine, anasema atapona kabisa walau mwaka mmoja.*
— Niliyependa Sana, Morogoro

Mwanangu, nilikuwa nimeshaandika aya mbili kuhusu kuvumiliana katika ndoa, ndipo nikafika ukurasa wa pili kwenye maneno "gia boksi". Aya zangu nimezichana. Huyu ni mashine ya kukamulia miwa.

Hiyo 2,400,000 naomba tuizike leo, tusome dua, tutawanyike. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukitengeneza mashine, pesa hiyo hairudi. Ukiiuza, hairudi pia. Kitu ambacho kipo sawasawa katika njia zote mbili hakiwezi kukuchagulia njia. Hii ndiyo gharama iliyokwisha zama, na imefilisi watu wengi kuliko wezi, maana mtu huongeza pesa nzuri akaziweke juu ya kaburi la pesa mbaya.

Swali ni moja: kuanzia leo, ipi ina nafuu? Unasema kuna mtu anaitaka kama ilivyo kwa 700,000. Basi ukiing'ang'ania hutoi 400,000 za fundi peke yake. Unatoa pia zile 700,000 ambazo ungezitia mfukoni kesho asubuhi. Hazikutoka kwenye pochi, ndiyo maana haziumi, lakini ni gharama kama gharama nyingine. Jumla 1,100,000.

Ikipona inakuachia 60,000 kwa mwezi baada ya miwa, barafu na ndimu. Kwa mwaka ambao fundi anakuahidi, ni 720,000. Unatoa 1,100,000 upokee 720,000 na mashine iliyochoka kiasi cha kutopata mnunuzi wa maana. Uza.

Lakini nisiwe shangazi wa kuvunja ndoa za watu. Kama ungekuwa kwenye kona ya stendi, inakuachia 150,000 kwa mwezi, mwaka ungekupa 1,800,000, nami ningekupeleka kwa fundi kwa miguu yangu. Hesabu haina chuki na mashine yako. Wala mapenzi hayana kazi ndani yake.

*

*Shangazi, nimempa kijana pikipiki, ananiletea hesabu ya 8,000 kila siku, siku sita za wiki. Mafuta na matengenezo madogo juu yake. Mimi nakaa barazani kama mstaafu. Mke wangu anasema tunakula mtaji. Nimemwambia mtaji upo, unaonekana, una magurudumu mawili. Nani mwenye akili?*
— Tajiri wa Baraza, Temeke

Mkeo, baba. Ungemwandikia yeye, ungeokoa stempu.

Kila jioni kijana anakuletea 8,000, na ndani ya hizo 8,000 kuna kipande cha pikipiki yako kilichogeuzwa noti. Wiki iliyopita umekula tairi la nyuma kwa mishikaki. Hii unakula cheni. Huoni kwa sababu pikipiki bado inang'aa kila Jumapili ikioshwa.

Ulinunua kwa 2,800,000. Tuseme baada ya miaka mitatu ya mashimo na mishikaki mingine, ile ya abiria watatu, utaiuza 640,000. Katikati hapo 2,160,000 zimeyeyuka. Gawa kwa miezi 36, ni 60,000 kila mwezi. Huo ni uchakavu. Una tabia mbaya moja: haukupi risiti, haupigi hodi, wala haumpigii mtu simu. Siku ya mwisho unadai zote kwa mpigo.

Kijana anakuletea 208,000 kwa mwezi. Zako kweli ni 148,000. Hizo 60,000 weka mahali ambapo mkono wako haufiki bila aibu, hata kwa mkeo. Baada ya miaka mitatu utakuwa na 2,160,000, uongeze 640,000 za mkweche, unapata 2,800,000 na pikipiki nyingine barazani. Na kwa kuwa bei haziketi mahali pamoja, ongeza kidogo kila bei ya dukani inapopanda.

Kwa njia hiyo utakuwa umekula faida. Leo unakula ng'ombe ukidhani ni maziwa.

*

*Shikamoo Shangazi. Nina fremu ya ushonaji, Tanga. Sare ya shule nauza 18,000. Shule moja inataka sare 30 kwa 14,000, na hii ni Machi, cherehani zimelala. Mume wangu kapiga hesabu: kitambaa, uzi na vifungo 11,000, ukiongeza fungu la kodi na mshahara wa msaidizi, kila sare inasimama 15,000. Anasema nitatupa 1,000 kwa kila sare. Hatujaongea siku mbili.*
— Sindano Baridi

Marahaba, mwanangu. Mpikie chai mumeo, hakukosea. Amejibu swali lingine.

Kodi na mshahara vya Machi utalipa ushone usishone. Sare hizi 30 haziongezi hata senti hapo. Zinachoongeza ni 11,000 za vitambaa, na zinaleta 14,000. Kila moja inakuachia 3,000, mara 30 ni 90,000, katika mwezi ambao ungebaki kupiga soga na cherehani. Chukua kazi.

Ila kwa masharti. La kwanza, iwe kweli umelala. Ombi hilo hilo likija Januari, wazazi wamepanga foleni na 18,000 mkononi, kila sare ya shule hiyo itamfukuza mteja anayekuachia 7,000 ili upokee 3,000. Hapo umejikata mwenyewe kwa mkasi wako. La pili, wateja wa 18,000 wasisikie, maana bei ya Machi ikitoka mlangoni hairudi. La tatu, isiwe desturi. Mwaka mzima lazima mtu alipe ile kodi, na hapo ndipo 15,000 za mumeo zinapokuwa mfalme.

Ndiyo maana wahasibu wana vitabu viwili, na si kwa wizi. Kimoja kinatazama nyuma: mwaka umepita, tumepata au tumepoteza, kinakwenda kwa benki na kwa watu wa kodi. Cha pili kinatazama mbele: kesho nifanye nini? Mumeo kashika cha kwanza, wewe unataka cha pili. Mkivisoma pamoja mtaongea kabla ya jioni.

*

*Shangazi Mizania, mimi siulizi ushauri. Mimi ni mama chapati wa hapa kona. Unatoa mahesabu ya watu, sawa. Kwenye daftari langu una chapati 14, za 500 kila moja, wiki ya tatu hii. Ulisema utalipa ukilipwa na gazeti. Sasa ni lini?*
— Unanijua

Mwenzangu. Nimesoma nikiwa nimesimama.

Kwanza pokea heshima yangu: 7,000 hizo kwako ni mali, kwangu ni deni. Kitu kimoja, sehemu mbili. Ndivyo wafanyabiashara wa Venice walivyokuwa wakiandika, kila jambo mara mbili, na mwaka 1494 mtawa mmoja wa Kifransisko, Luca Pacioli, akayachapisha maelezo yake kwenye kitabu watu wajifunze. Wasomi wakikwambia uhasibu ni wa kwao, waulize hesabu, faida, hasara na rasilimali vimeingiaje kwenye kinywa chako. Vimekuja na majahazi kutoka kwa Waarabu, na vimekaa masokoni kwetu kabla chuo chochote cha uhasibu hakijajengwa.

Pili, deni linaandikwa siku chapati ilipoliwa, si siku pesa itakapopatikana. Nimefungua daftari langu na kweli, wewe hukuwemo. Lakini makala tatu ambazo sijalipwa zimo, nimeziandika kama mapato, kwa wino mwekundu wa kupendeza. Kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni mtu mwenye faida, na mfukoni sina nauli ya kwenda kuidai. Nimewafundisha Mwananyamala, Temeke na Tanga, nikasahau kwamba faida si pesa, na kwamba mwenye kunidai hawezi kukanda unga kwa ahadi za mhariri.

Kijana anayeleta gazeti hili amebeba 7,000 zako ndani ya bahasha. Nimezitoa kwenye pesa za kanga ya Idi. Futa jina langu kwa kalamu ya wino, siyo penseli.

Kesho asubuhi nitakuja kuchukua mbili. Taslimu.