Jinsi ya Kumkirimu Konokono

Kwanza uwe na miche. Konokono hahangaiki na mwembe uliokomaa. Anachokitaka ni mchicha wa majani manne, mbilingani ulioutoa jana kitaluni, na mpapai mchanga ulioanza kuusifia mbele za watu. Subiri masika yashike ndipo upandikize, maana mgeni huyu huja na mvua.

Mwagilia jioni. Bwana shamba atakwambia umwagilie alfajiri ili udongo wa juu uwe umekauka ifikapo usiku, lakini huyo hana ukarimu. Konokono na koa, nduguye asiye na gamba, huteleza juu ya ute wao wenyewe, na ute huo ni maji ya mwilini. Ukiwalowanishia njia, umewalipia nauli. Kisha waandalie malazi: ubao uliooza, matofali, gunia kuukuu, matandazo mazito yanayogusa shina. Usifunue kamwe. Huko chini kuna mayai, na konokono mkubwa wa kwetu, ambaye kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, anaweza kutaga hadi 1,200 kwa mwaka.

Tena mheshimu, kwani ni mzaliwa wa Afrika Mashariki aliyefika mbali kuliko wengi wetu, bila viza. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu wa aina hii, na bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walikuwa zaidi ya 18,000. Jimbo la Florida lilihitaji karibu miaka kumi na dola milioni moja hivi kuwamaliza. Mwaka 2011 wakaonekana tena mjini humo.

Ukiona lazima ufanye jambo, ponda maganda ya mayai uzungushie miche. Inapendeza. Chama cha bustani cha Uingereza, RHS, kiliyajaribu maganda hayo mwaka 2018 pamoja na utepe wa shaba, changarawe, magome ya msonobari na sufu. Saladi ikaliwa vilevile. Majivu ni mlinzi hodari mpaka manyunyu ya kwanza. Chumvi humuua konokono kweli, halafu huchoma mizizi ya mchicha, na hapo pande zote zimekosa.

Mwenye fedha anaweza kuagiza adui kutoka ng'ambo. Hawaii walifanya hivyo mwaka 1955: wakaleta konokono mla konokono amle huyu mkubwa. Mla konokono akaona afadhali wale wadogo wa kienyeji waliokuwa wakiishi kwa amani mitini, na aina kadhaa zimetoweka. Huku kwetu bata atatosha, naye hula konokono kwa bidii. Mfungulie mapema, miche ingali midogo, aanze na mboga.

Mzaha pembeni kidogo: usimshike konokono kwa mkono mtupu. Anaweza kubeba minyoo ya panya ambayo ikimwingia mtu hufika hadi kwenye ubongo. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, na mboga za majani zioshe vizuri.

Sasa yale yatakayoharibu karamu yote, kwa hiyo jiepushe nayo. Usitoke saa tatu usiku, mvua ikiwa imekatika, na tochi na ndoo ya maji ya sabuni. Usifunike ganda la papai juu ya tuta usiku ukaja kulifunua alfajiri, kwani utawakuta wamejazana chini yake. Ukishafanya hivyo mara moja, basi, nenda kalale. Kurudia kesho na keshokutwa ni uchoyo. Na miche usiilee kitaluni, juu ya kichanja, hadi shina likakomaa. Mche wa urefu wa shubiri hupoteza jani moja na kuendelea kukua, na mgeni aliyetembea usiku kucha ataondoka na njaa.