Waraka kutoka Lukenya: Mashine Isiyonijua

Kwa jamaa zangu wapenzi wa baraza ya Mkunazini, wakubwa kwa wadogo, nakuarifuni kwamba hali yangu ni njema, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inanitia ganzi vidoleni kila alfajiri, na matumaini yangu ni kwamba nanyi nyote mu wazima, kahawa haijapanda bei, na yule mwenzetu wa bao bado anadai kwamba alinifunga kwa haki siku ile ya mwisho kabla sijasafiri.

Najua kwamba hapo barazani neno ughaibuni limehifadhiwa kwa walioko Muscat, London na Toronto, na kwamba mtu aliyevuka mpaka Mombasa, kisha akapanda treni kwenda bara kumtazama binti yake, hahesabiwi kuwa amesafiri bali amekwenda matembezi tu. Lakini naomba mnifikirie kwa insafu. Mahali ambapo mtu haioni bahari hata akipanda kileleni, ambapo samaki hufika akiwa mgumu wa barafu na macho yamekwisha kuzama, ambapo maji ya kuoga huletwa na boza na mwenye boza ana kiburi cha liwali, ambapo wenyeji huandaa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, kwa furaha ile ile tuliyo nayo sisi kwa pweza wa nazi, na ambapo mtu akifungua dirisha asubuhi hukuta punda milia wanakula majani upande wa pili wa waya, mahali hapo kama si ughaibuni basi na Muscat iondolewe katika orodha, maana huko walau wanakula papa.

Lukenya yenyewe ni kilima cha majabali kando ya barabara kuu ya Mombasa, mbele ya mji wa Athi River kwa atokaye Nairobi, katika kaunti ya Machakos, nchi ya Wakamba. Wataalamu wa mambo ya kale wamefukua chini ya majabali hayo zana za mawe za watu walioishi hapa maelfu ya miaka iliyopita. Na katika mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, wapiganaji walilivamia gereza la Lukenya usiku wakawafungulia wafungwa. Nakutajieni habari hizi si kwa ajili ya kujifanya mwanachuoni, bali mpate kujua kwamba hapa ni mahali penye historia ya watu waliojua kuingia walikotaka kuingia, na kwamba juu ya hayo mimi nilishindwa kuingia katika kompyuta yangu mwenyewe, iliyokuwa mezani pangu, chumbani pangu, na mlango wa chumba u wazi.

Kompyuta hiyo ni mtumba kutoka Uingereza, ThinkPad ya mwaka 2011, aliyonihibia mkwe wangu baada ya yeye kupata mpya. Ina kitone chekundu katikati ya vitufe, kazi yake kusukuma mshale, na chini ya tumbo lake kibandiko cha ofisi fulani ya huko kwao ambacho mtu alijaribu kukikwangua akachoka njiani, na juu ya tarakimu 3 imechorwa alama ya pauni, ili mtu asisahau nasaba yake. Nia yangu, kama mjuavyo, ni kuandika vizuri lile daftari la ukoo kabla wajuzi hawajaisha. Lakini Windows 10 iliyokuwamo ilifika ukomo wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka kijipande cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine za umri huu hazikujaaliwa kuwa nacho. Ndipo mjukuu wangu, kabla ya kurudi shule ya bweni, akaniambia, “Babu, weka Linux. Ni bure, na haibagui wazee.” Sikuuliza kama alikusudia kompyuta au mimi.

Mimi mtu akiniambia kitu ni bure humwuliza kwanza nani analipa, kwa hiyo nilifanya uchunguzi. Nikasoma kwamba mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza azma ya kutunga mfumo ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuutumia, kuuchungua, kuubadili na kumgawia jirani. Na mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, akatoa kiini cha mfumo kilichokuja kukamilisha kazi hiyo. Kutokana na hivyo viwili wengine wakafuma mifumo yao, na mmoja ni Debian, aliouanzisha Ian Murdock mwaka 1993, akaupa jina kwa kuunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Walioana, na baada ya miaka mingi wakaachana. Talaka ikapita na jina halikubadilishwa. Nilipofika hapo nikaona kwamba mfumo wenye habari za mapenzi kiasi hicho unamfaa mtu wa pwani, nikatoa idhini.

Fundi akaja kwa bodaboda, kijana mpole wa hapa hapa, ameifunga flashi ya Debian pamoja na funguo za nyumba yao. Kwa kweli hana adabu mbaya, ila nchi hii watoto hawajui shikamoo, husema “Habari yako, Mzee,” nawe huna budi kuitikia kwamba ni nzuri. Akaichomeka, akaiwasha, na mashine ikaanza kuuliza masuala: lugha gani, nchi gani, vitufe vya namna gani. Kwa hilo la mwisho ilijipendekezea yenyewe vitufe vya Kimarekani, naye akabonyeza kukubali kwa haraka ya mtu anayefukuza nzi. Kisha ikataka maneno ya siri mawili, moja la mwenye enzi yote ya mashine, aitwaye root, na la pili la mtumiaji wa kawaida, ambaye ndiye mimi. La kwanza fundi alijitungia. La pili nilimnong'oneza sikioni, naye akaliandika huku uso ameuelekeza kwangu, akinisimulia namna Gor Mahia walivyochezewa rafu, vidole vyake vikikimbia peke yao bila ya kusimamiwa na macho. Neno lenyewe sitakuandikieni, kwa kuwa likifika barazani Adhuhuri litakuwa Darajani kabla ya Alasiri. Itoshe kujua kwamba linaanza na jina la samaki, likafuatiwa na alama hii, @, likamalizika na mwaka.

Wakati faili zikiingia, nilimweleza kwamba katika mambo haya Waswahili si wageni, kwa maana mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walikwisha kuitafsiri programu ya OpenOffice kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice, mtu akaweza kuandika barua yake kwa menyu za Kiswahili. Akasema, “Kumbe!” na kwa sura yake nilikadiria kwamba mwaka huo alikuwa bado hajaota meno.

Alipokwenda zake nikatawadha, nikasali Magharibi, nikavaa miwani na kuketi mbele ya mashine kwa heshima zote. Ikataka jina, nikaandika. Ikataka neno la siri. Nikaliandika herufi moja baada ya moja, kidole kimoja, nikikisoma kila kitufe kabla ya kukigusa kwa namna niliyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la kwanza, na kwa kila herufi ikatokea nukta nyeusi, hata zikatimia. Nikabonyeza. Mashine ikanyamaza kitambo, na kimya hicho, nimekuja kuambiwa, ni cha makusudi, ili mwizi anayebahatisha achoshwe na kungoja. Kisha ikanijibu kwamba neno si sahihi. Nikarudia, safari hii kwa sauti. Si sahihi. Binti yangu akaniita kutoka jikoni nitazame kama herufi kubwa zimefungwa, hazikuwa zimefungwa. Mkwe wangu, ambaye kila tupitapo barabarani hunyoosha kidole kunionyesha upande wa Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2013, alitazama kwa mbali akasema mambo haya yanataka subira, akaenda kutazama habari.

Kesho yake fundi akarudi. Akaketi, akaandika bila ya kutazama, mlango ukafunguka. “Mzee, hii kitu iko sawa. Ona.” Akaufunga. “Sasa wewe.” Nikaandika mimi, ikakataa. Akaandika yeye, ikakubali. Nikaandika mimi, ikakataa, na binti yangu aliyekuwa amesimama na mwiko mkononi akageuza uso ili nisimwone anavyocheka. “Mzee,” akasema yule kijana kwa huruma, “unaandika polepole sana.” Ati mashine ina haraka! Bawabu gani huyu anayemfungulia mgeni asiyetazama anakokwenda, akamfungia mwenye nyumba aliyekuja na hati yake mkononi?

Alipoondoka nilifunga mlango wa chumba, nikateremsha pazia, nikafanya jambo ambalo mwalimu yeyote angelifanya kwa mwanafunzi anayedaiwa kukosea: kuitazama kazi yenyewe, si alama aliyopewa. Pale panapotakiwa jina, ambapo herufi huonekana wazi, niliandika neno langu la siri. Samaki akatoka mzima, hana kasoro. Nikabonyeza kitufe kilichoandikwa @, karibu na kile kikubwa cha kukubali, na badala ya @ zikatokea alama mbili za kunukuu. Nikabonyeza tena. Za kunukuu. Nikaibonyeza 2, ambayo juu yake zimechorwa za kunukuu kwa wino mweupe usio na shaka, ikatoka @.

Basi sikilizeni namna mambo yalivyo. Vitufe vya Kiingereza na vya Kimarekani vimebadilishana mahali pa alama hizo mbili: penye @ kwa hawa ndipo penye za kunukuu kwa wale. Na mashine haijui kilichochorwa juu ya vitufe vyake. Inachopokea ni namba tu ya kitufe kilichoguswa, kisha huitafuta namba hiyo katika jedwali ililopewa siku ya kusimikwa, na jedwali ililopewa siku ile ni la Marekani. Yule kijana alijifunza kwa vitufe vya Kimarekani, vidole vyake vinaijua @ ilipo kwa mazoea na hakuwahi kuhitaji kuvisoma vitufe. Mimi ninayesoma ndiye niliyekuwa nikidanganywa, kwa maandishi, kila siku.

Ilibaki kulibadilisha hilo jedwali. Nikaingia, nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika amri niliyoipata kitabuni, yenye neno sudo mbele yake, ambalo ndilo la kuombea madaraka. Ikataka neno la siri, na humo hata zile nukta hazitokei, mtu huandika gizani asijue kama mkono wake umefika. Kisha ikaniambia kwamba jina langu halimo katika daftari la wenye idhini, na kwamba tukio hili litaripotiwa.

Jamaa zangu, mtu aliyekulia Unguja ya miaka ile tunayoijua hasomi neno kuripotiwa kwa moyo mkunjufu. Niliizima mashine, nikaifunika kwa kanga ya binti yangu, na usiku ule kila gari lililopunguza mwendo mbele ya lango nililisikia. Asubuhi nikampigia fundi simu, nikamwuliza kwa sauti ya chini ripoti hiyo hupelekwa kwa nani. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe hupelekwa kwa root, yule mwenye enzi, aliyemo katika mashine ile ile. Na kwa kuwa fundi alimwekea root neno lake la siri peke yake, ndiyo maana mimi mwenye mali sikuingizwa katika daftari la wenye idhini. Nikamtaka anipe neno hilo. Akasita kidogo, kisha akalitaja: toor. Ni root limegeuzwa kinyumenyume. Hilo ndilo lililokuwa likiilinda nasaba yetu ya tangu enzi za Sayyid Said.

Nikajigeuza root, nikachagua vitufe vya Uingereza, nikaiwasha upya, na tangu hapo kilichoandikwa @ ni @, na pauni imerudi mahali pake juu ya 3. Daftari la ukoo limekwisha kufika kwa babu wa nne, na nitahitaji msaada wenu juu ya wale mashangazi wa Pemba ambao kila mtu ananitajia kwa idadi tofauti.

Ijumaa fundi alipita kuichukua flashi yake. Akaiona mashine, akasema ataniongezea programu ya kupigia simu za picha ili tuonane nanyi, bure, kwa heshima yangu. Akaketi, akanigeukia, akaanza kunisimulia mechi nyingine, vidole vikaenda mbio. Ikakataa. Akarudia bila ya kukatiza hadithi. Ikakataa. Hadithi ikakatika.

“Mzee, umebadilisha paswedi?”

Nikamwambia sikubadilisha hata herufi moja, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba vitufe vina usingizi. Nikavua miwani yangu, nikaipangusa kwa upindo wa kanzu, nikampa, nikamwambia, “Mwanangu, hebu soma kilichoandikwa.” Akainama, akaanza kuitafuta @ kwa kidole kimoja, tangu safu ya juu, nami nikavuta kiti, nikaagiza chai, na sikumharakisha.