Namna ya Kutokomaa

Muuza mboga anayejua kazi yake hukuruhusu kuvunja ncha ya bamia kabla hujanunua. Ikikatika kwa mlio mdogo, tia kikapuni. Ikipinda bila kukatika, iache: imekomaa, na hata uichemshe mpaka mkaa uishe itabaki nyuzi tupu mdomoni. Jikoni haina kazi tena. Huachwa shambani ikauke, iwe mbegu.

Na hilo ndilo neno tunaloambiana kutwa. Kijana aliyekosa ajira mwaka wa tatu sasa anaambiwa komaa. Mama aliyefiwa na mume akaachiwa watoto wanne anaambiwa komaa, dada. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku na kuunganisha ya asubuhi kwa kuwa mwenzake hakuja, naye anaambiwa akomae. Linasemwa kwa upendo, na mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi. Lakini nimekaa dirishani nikihesabu fedha za watu kwa miaka tisa, na nimewaona wenzangu wakikomaa hadi hawakatiki tena. Hawacheki, hawalii, hawaulizi mtoto wa jirani wa dirisha la tatu aliyelazwa anaendeleaje. Kwa hiyo huu hapa ni mwongozo wa kubaki laini. Ufuate kama unavyofuata maelekezo ya mapishi.

Mahitaji: mtani mmoja, benchi moja, siku 28 na kalamu. Moto uwe wa wastani.

Anza na mtani, maana huyu hauzwi dukani. Simsemi mtu wa kukuchekesha tu. Namsema mtani kwa maana yake ya asili: mtu ambaye mila imempa ruhusa ya kukuambia lolote usoni, nawe mila hiyo hiyo imekunyima ruhusa ya kununa. Mimi ni Mhehe. Wazee wetu na wazee wa Wangoni walipigana vita vikali katika miaka ya 1870 na 1880, na leo wajukuu wao ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi nao wana utani wao, uliokolea enzi za misafara ya kutoka bara kuja pwani. Hata Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, hatuwaiti maadui. Tunawaita watani wa jadi.

Kamwone mtani msibani ndipo utaelewa kazi yake. Watu wamenyamaza, mfiwa amekaa kwenye mkeka hajatia kitu mdomoni tangu jana, mara anaingia mtu kavaa koti la marehemu, anatembea kwa mwendo wa marehemu, anadai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Nimemwona mmoja akishuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe, maana nyumba hii ni mpya na marehemu hajalipa kodi. Mjane akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko kikageuka kilio, kilio alichokuwa amekizuia siku mbili nzima, na wanawake wakamshika. Jioni ile alikunywa uji.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita. Mtani yule yule ndiye aliyekuwa akichimba kaburi tangu alfajiri. Ndiye aliyepasua kuni, ndiye aliyeteka maji ya kupikia watu mia mbili. Ruhusa ya kumcheka mfiwa ameilipia kwa jasho. Ukitaka kujua kama mwenzako wa kazini ni mtani wako au ni mtu wa dharau tu, uliza amewahi kukubebea nini.

Wangu alikuwa Mngoni, mwanamke aliyenizidi umri, dirisha la pili. Siku moja ya mwisho wa mwezi nilifunga hesabu nikakuta shoti, yaani upungufu, ya shilingi 180,000. Ambaye hajakaa dirishani hajui neno shoti linavyoshuka tumboni. Nilihesabu mara tatu. Nikawaza kodi ya nyumba, nikawaza sura ya mkubwa wa kazi asubuhi, vidole vikaanza kufa ganzi. Kila aliyeuliza nilimjibu mambo safi. Yeye hakuuliza. Alivuta kiti akakaa upande wangu, akanitazama, akasema: "Leo Mhehe kaiba. Tena kaiba kidogo! Babu zako wangeona aibu."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukoma. Hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia komaa. Aliningoja. Kisha akavua saa yake, akaiweka mezani, tukaanza kuhesabu bunda kwa bunda na slipu kwa slipu, hadi saa mbili usiku. Gari la wafanyakazi lilikwisha kuondoka zamani. Kosa tulilikuta: slipu moja ya mteja niliiingiza mara mbili. Ningekuwa peke yangu usiku ule ningelipa fedha ambazo hazikupotea, na ningerudi dirishani kesho yake nikiwa bamia iliyokauka.

Basi maelekezo ni haya. Mtani hateuliwi siku ya shoti. Mteue mapema, na njia ya kumpata ni wewe kuanza kuwa wake: mshikie foleni akienda kliniki, mletee chapati siku mshahara umechelewa, kumbuka jina la mtoto wake. Ukishambebea mara tatu nne, mtanie kidogo uone. Akikurudishia kali zaidi, umempata.

Lakini utani una mpaka, na hapa naomba unisikilize bila kucheka. Sisi Wahehe tuna utani wa zamani unaotuandama, kwamba tukikasirika tunajinyonga. Nilikua nikiucheka. Siucheki tena, na nakuomba nawe uuache, kwa sababu aliye na wazo hilo kichwani akisikia mzaha huo anaelewa jambo moja tu: hapa siwezi kusema. Ukimwona mwenzako anagawa vitu vyake, anaaga watu bila safari, anasema nikiondoka mtapumzika, weka utani chini umuulize wazi: unafikiria kujiua? Watu huogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halimpandikizii, Shirika la Afya Duniani limelieleza hilo bayana, na mara nyingi swali hilo ndilo linalomfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na msindikize hadi hospitali. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Nilifurahi sana. Mtu wa namna hiyo anahitaji mkeka na wa kukaa naye, na mahabusu hakuna kimojawapo.

Kitu cha pili ni benchi. Hapa twende Harare. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alifiwa na mgonjwa wake, msichana aliyejiua kwa kuwa familia yake haikuwa na nauli ya kumrudisha hospitali. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa fani hiyo wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, akaanza na alichokuwa nacho: bibi 14 waliokuwa wakijitolea kwenye afya ya jamii, na benchi la mbao chini ya mti nje ya zahanati. Bibi alifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja kwa wakati mmoja.

Bibi hao hawakutumia maneno ya daktari. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi tunalo letu: mtu hatasema ana sonona, atasema "nawaza sana, silali". Mazungumzo yao benchini yana hatua tatu: kuifungua akili, kumwinua mtu, kisha kumtia nguvu. Unamwaga yote yaliyokujaa, kodi, mume, mguu unaouma, deni. Bibi hakuchagulii. Anakuuliza: katika haya, tuanze na lipi? Unachagua moja, mnatafuta hatua ndogo unayoweza kuifanya kabla ya wiki ijayo, unarudi kusema imekwendaje.

Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lao yalichapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Watu 573 waligawanywa makundi mawili. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida karibu nusu yao bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliokaa benchini na bibi, walikuwa takriban 14 katika kila 100.

Sisi ni watu wa baraza, na jambo hili linanichoma. Nyumba za Waswahili tangu zamani zimejengwa na kiti cha nje, saruji au udongo, kwa kazi hii hii. Leo tunajenga ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, kisha tunashangaa kwa nini tunawaza sana. Kama una baraza, lifagie uketi saa moja jioni. Kama huna, toa kigoda. Ofisini, tafuta mahali ambapo watu wawili wanaweza kukaa ubavu kwa ubavu, maana kwa uzoefu wangu maneno mazito hutoka kwa urahisi mkiwa mnatazama barabara kuliko mkiwa mnatazamana.

Tatu, siku 28. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya kupumzika saa moja. Hata shoti ina utaratibu wake: mwajiri hakati tu mshahara wako. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, akueleze kwa maandishi kiasi na namna kilivyopatikana, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira. Mimi sikuyajua hayo usiku ule. Ningeyajua, mikono isingekufa ganzi kiasi kile.

Naweka sheria ndani ya mwongozo wa moyo kwa makusudi. Nimehudhuria semina za kufundishwa uvumilivu, chai na sambusa juu, katika ofisi ambazo watu wawili walikuwa wakifanya kazi ya watu watano. Mkufunzi akatwambia tuvute pumzi. Tulivuta, na pumzi ni kitu kizuri, lakini Jumatatu foleni ilikuwa ile ile. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza hali ya kuishiwa nguvu kazini katika orodha yake ya magonjwa, halikuiita ugonjwa. Liliiita hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Soma tena: wa kazini. Ukiwa umechoka kwa sababu umebeba mizigo ya watatu, moyo wako hauna kasoro yoyote. Dawa yake ni kuongezwa watu. Mkiwa wengi mnaodai hilo kwa pamoja, kupitia chama cha wafanyakazi, ni rahisi kusikilizwa kuliko ukilia peke yako chooni.

Na likizo ukiipata, ichukue. Usiiuze. Zima simu ya kazi, nenda kijijini ukavune mahindi au kaa tu ulale mchana.

Nne, kalamu. Maelekezo yake ni mafupi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake walieleza jinsi walivyowaambia wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku, siku nne, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Miezi iliyofuata, walioandika kuhusu tukio na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko waliopewa mada za kawaida. Andika kwenye daftari la mtoto lililobaki kurasa. Tahajia isikusumbue. Ukimaliza, lichane au lifungie, ni lako.

Usingizi, maji na matembezi ya jioni mama yako alishakuambia.

Mtani wangu alihamishiwa Songea miaka minne iliyopita. Siku ya kumuaga niliomba radhi kwamba sitaweza kusema neno, akajibu kuwa ni heri, Wahehe wakisema huwa ni matusi. Mpaka leo kila Ijumaa, kwenye saa moja jioni, natoa kigoda nje na simu ikiwa mfukoni. Inaita mara mbili, napokea.

"Mtani, bado hawajakufunga?"

"Bado. Wanasubiri wakufunge wewe kwanza."

Anacheka, kisha ananyamaza kidogo, na sauti yake inashuka.

"Haya, niambie. Wiki hii umelala?"