Mumiani wa Kijapani

Baba mmoja wa Ipuli aliapa kwamba Hellsing, katuni ya Kijapani ya 2001, ni ushetani, na katuni zenyewe ni za watoto. Leo kiti cha mbele ni chake, na ole wako ukohoe Integra, mkuu wa shirika la Hellsing, akitoa amri. Alucard, mnyonya damu anayemtumikia Integra, anakufafanulia bila kuombwa, ni Dracula kinyumenyume.

Sasa hapo geni ni lipi? Mnyonya damu mtumishi wa Waingereza! Enzi za mkoloni wazee walimwita mumiani, wakakimbia hata gari la zimamoto wakidhani ni lake.

Baba yule anadai anaiangalia katuni ili awalinde wanawe. Wanawe wamelala tangu saa tatu. Yeye haendi tena choo cha uani peke yake. Eti nyoka wamezidi.