Pampu ya Mwalimu

Mtu akikuomba chumvi hapa Milepa, mpe na usahau. Akikuomba toroli, mpe na umpangie siku ya kurudisha, kisha usahau. Akikuomba pampu ya baiskeli, mwambie imekufa, hata kama umeishika mkononi na tairi linaendelea kujaa.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuwa na pampu.

Nilishuka nayo kutoka Sumbawanga mjini mwaka niliohamishiwa huku kufundisha. Nikisema nilishuka, sirembi maneno. Mji ule uko juu ya uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko chini yake kwa karibu mita 1,000, na katikati umesimama Lyamba lya Mfipa, ukuta wa milima ambao dereva huushuka kwa gia ndogo na abiria kwa rozari. Ilikuwa Julai. Mjini mwezi huo watu hutembea wameficha mikono kwapani mpaka saa nne asubuhi. Mama yangu, ambaye hajawahi kukanyaga bondeni, alinifungia mablanketi mawili, sweta tatu na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Tulipomaliza kona ya mwisho nikavua koti. Mbele kidogo nikavua sweta la juu. Nilipoanza kuhangaika na la pili, konda wa Noah akageuka akanitazama, akasema, "Mwalimu, suruali utuachie."

Mablanketi yale hayakuona usiku hata mmoja wa kazi. Moja lilikwenda kwa jirani aliyejifungua, la pili lilikwenda kulifuata la kwanza. Kofia ilifunika sufuria ya wali mpaka majuzi, na iliifanya kazi hiyo vizuri kuliko kichwa changu. Kitu pekee nilichokileta chenye maana bondeni kilikuwa pampu.

Ilikuwa ile ya kusimama, unaikanyaga kwa miguu miwili unashindilia kwa mikono miwili, mpini wa mbao uliopakwa rangi nyekundu. Ndani yake kuna kingozi cha duara kama sarafu. Kikikauka, pampu inapumua tu kama mgonjwa, upepo hauendi popote. Dawa yake ni kuifungua, ukidondoshee kingozi mafuta ya kula matone matatu, ukisugue kwa kidole gumba mpaka kilegee, ufunge. Siri hii nilifundishwa na muuza duka aliyeniuzia. Nami kwa ujinga nikawafundisha wengine.

Anayeishi mahali pa lami hawezi kujua pampu ni nini. Hapa gunia la mpunga linatoka shambani kwa baiskeli. Samaki wa ziwani, magege na kambale, wanapanda kwa baiskeli. Mgonjwa, ufuta, mbao za dari, godoro la bibi harusi, vyote vinapita juu ya tairi mbili, na chini ya tairi hizo kuna mbigili. Mbigili ni mmea mnyonge kwa kuutazama, umelala chini kana kwamba umekwisha omba radhi, lakini mbegu yake ina pembe, na kwa namna yoyote itakavyoanguka, pembe moja inatazama juu. Kuna fundi mwenye mashine ya upepo ya umeme. Umeme ukiwepo, yeye hayupo. Yeye akiwepo, umeme umekatika. Siku wanapokutana wote wawili, foleni inaanzia kwake inaishia mashine ya kusaga.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Hakuja kuomba. Alikuja kunisalimia. Aliniuliza habari za nyumbani, za mama kule mjini, za baridi ya huko, za wanafunzi, za mshahara (kwa mbali), akakaa, akanywa maji, akasifia kivuli cha mwembe wangu, akasimama, akaaga, akafika mlangoni, akarudi.

"Sasa Mwalimu, kile kitu chako kipo?"

Hakikutajwa jina. Nilimuuliza, maana najua hana baiskeli, anakitaka cha nini.

"Kuna mtu," akasema.

Nilikuwa mgeni, sikujua kwamba hilo ndilo jina kamili la mwizi wa pampu yangu. Tangu siku ile kila nilipokwenda kuidai niliambiwa hivyohivyo. Fundi cherehani alimpa kuna mtu. Kuna mtu alimpa kuna mtu mwingine. Na huyo wa mwisho alikuwa njiani kurudisha, ila alikutana na kuna mtu. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Mto Momba unaingia, vijito vya milimani vinaingia, na maji yakishaingia shughuli yao na dunia imekwisha isipokuwa jua liyanyanyue. Pampu ikishatoka nyumbani kwa mtu wa Milepa imeingia ziwani.

Habari zake nilizipata kama unavyopata habari za mtoto aliyehamia Dar es Salaam. Ilionekana uwanjani, vijana wanajaza mpira nayo, na sindano ikapotelea kwenye majani. Ilionekana kwa mama wa maandazi, anapulizia mkaa uliolowa, naye akaisifia kwamba haimuumizi kifua kama kupuliza kwa mdomo. Wafugaji waliipitisha mnadani. Nilikuta hata wanafunzi wangu wameiandika kwenye insha ya "Msaada Katika Jamii Yetu", ukurasa mzima, bila kutaja ni ya nani. Nikasahihisha tahajia.

Kisha nikaalikwa kwenye sherehe ya komunio ya kwanza. Sisi watu wa Ufipa ni Wakatoliki wa kushona nguo mpya kwa mambo hayo. Nilikaa meza ya mbele pamoja na wazee, nimekwisha changa elfu kumi, sahani ya pilau imefika, nyama juu. Nikanyanyua macho. Karibu na spika, kijana mmoja alikuwa anajaza maputo. Akishindilia mara nne, puto linavimba. Akishindilia ya tano, linapasuka na mbuzi wa jirani wanaruka. Mpini ulikuwa mwekundu.

Tuliangaliana, mimi na pampu. Mshereheshaji akatangaza kwamba familia inamshukuru sana Mwalimu kwa moyo wake wa kujitolea. Watu wakapiga makofi. Utasimamaje hapo, na mfupa mkononi, uidai?

Baada ya komunio ikapotea kabisa. Asubuhi moja ya mitihani nikapata pancha mbali na kwangu. Nikakokota baiskeli mpaka kwenye mwembe ambapo mtoto mmoja, mdogo wa kutosha kuwa darasa la tatu, alikuwa ameweka kibao cha kuziba viraka. Akaziba vizuri, kazi safi. Nilipoomba upepo akasema upepo ni mia mbili zaidi.

"Mbona ghali?"

"Pampu si yangu, baba. Ni ya Mwalimu. Anataka hela ya mafuta ya kingozi."

"Mwalimu gani?"

"Mmoja, simjui. Wanasema mkali."

Nikalipa. Naomba uelewe mazingira: mtihani unaanza saa mbili, nyuma yangu kuna mzee mwenye gunia la mpunga na baada yake mama mwenye ndoo ya samaki wanaoanza kubadilisha mawazo. Ningeichukua pale, wale wawili wangenikumbuka mpaka kaburini. Nilimwambia yule mtoto kwamba Mwalimu ni mimi, nitapita jioni. Akanyoosha mgongo, akanipa shikamoo ya pili. Nilipopita jioni pampu ilikuwa imekwenda. Kuna mtu.

Ndipo nikaipeleka kesi ya pampu kwenye mkutano wa mtaa. Ajenda zilikuwa mbuzi wanaokula bustani, foleni ya bombani, na spika ya bwana mmoja mwenye banda la kuonyesha mpira, ambaye huwasha muziki saa kumi na mbili asubuhi ili kuujulisha umma kwamba jioni ataonyesha mpira. Mbuzi peke yao walichukua saa nzima, kwa sababu kila aliyesimama kulalamika alikuwa na mbuzi. Kwenye mengineyo nikainua mkono.

Nilieleza kwa upole. Mzee mmoja akanijibu kwa upole zaidi. Akasema vijana wa siku hizi wanashikilia sana vitu. Akasema mababu zetu Wafipa walijenga matanuri ya udongo, malungu, marefu kupita mtu, wakayeyusha chuma cha majembe ya nchi nzima, na hakuna aliyekuwa anapuliza: upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Sasa Mwalimu, upepo wa Mungu unaugombania?

Watu wakacheka. Kosa langu ni kwamba mimi ni mwalimu, na kitu kikiwa nusu sahihi siwezi kukiacha kipite. Nikasema ni kweli, mzee, tanuri kubwa lilijivutia upepo lenyewe, lakini chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo watu walivukuta mivukuto mpaka jasho likawatoka. Na mivukuto ile, nikaongeza, nina hakika ilikuwa na wenyewe. Hakuna aliyecheka. Nikaona nimeharibu, nikatafuta namna ya kumaliza kwa amani.

"Mimi sina ugomvi na mtu," nikasema. "Nasubiri mvua tu."

Nikakaa.

Nilichomaanisha ni hiki: mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, mfinyanzi wa bondeni unashika tairi kama ubani unavyoshika nywele, baiskeli zinaegeshwa, na pampu inakosa kazi. Itarudi yenyewe. Ni hesabu ya kawaida. Lakini mkutano mzima ulinyamaza. Mbuzi mmoja alipiga kelele, mwenyewe akamziba mdomo.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hupenda kulikwepa. Jina la mji nilikotoka, wazee husema, ni maneno mawili ya Kifipa: sumba, tupa, wanga, uchawi. Mgeni alikuwa anaambiwa autupe kabla ya kuingia. Kwa miaka mingi Watanzania wengine wameshika neno la pili wakaacha la kwanza. Nilipokuwa chuoni sikuwahi kuibiwa hata kalamu. Wenzangu waliniuliza kama kweli kwetu radi inatumwa, na kama ni kweli inatumwa kwa nauli gani. Tulitaniana, yakaisha. Sikufikiri kwamba umbali wa mlima mmoja tu, kwa watu ambao nusu yao ni Wafipa wenzangu, mtu wa mjini Sumbawanga akisema anasubiri mvua, mvua haitasikika ni mvua.

Na ingeishia hapo, kama usiku ule usingenguruma. Oktoba bondeni hunguruma bila kunyesha, hiyo ni kawaida. Lakini ilinguruma mara moja tu, kubwa, upande wa milimani, kisha kimya. Mimi nililala.

Alfajiri nilipofungua mlango sikuweza kutoka. Barazani kulikuwa na pampu nne. Moja ilikuwa na mpini mwekundu. Nyingine tatu sijawahi kuziona maishani. Kulikuwa na toroli, majembe mawili, sufuria namba sita, sindano ya mpira, mwamvuli, kitabu cha Fizikia chenye muhuri wa shule ambayo si yangu, na kuku jike mweupe aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Juu ya toroli, chini ya jiwe, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na shilingi mia mbili.

Nimejaribu kurudisha. Nilimpelekea fundi cherehani jembe lililofanana na lake, akalitazama kwa mbali akasema hajawahi kuwa na jembe. Nilitangaza kwa mdomo, nikapeleka tangazo kanisani, hakuna aliyekuja. Wanaamini ni mtego. Wazee walionizidi miaka thelathini wananiwahi kwa shikamoo. Yule bwana wa spika amehamisha muziki mpaka saa tatu, na kwa hilo peke yake nilifikiria kunyamaza moja kwa moja. Lakini hakuna anayepita tena kukaa chini ya mwembe, na juzi chumvi iliniishia nikala mboga baridi, kwa sababu niliona aibu kwenda kugonga mlango wa mtu akadhani nimekuja kumdai roho.

Kwa hiyo naomba, na anayesoma hapa awasomee wengine. Toroli lina tairi zima, mwenyewe aje. Kitabu cha Fizikia kinahitajika shuleni kwake, wasiogope. Kuku ameshataga mayai saba, nimeyaweka kwenye kofia ya sufu, nitayatoa pamoja naye. Mvua hazijaanza, mbigili bado zipo, na pampu nne ziko barazani kwangu, kingozi cha ile nyekundu nimekipaka mafuta jana. Anayehitaji apite achukue. Nikimuuliza ni ya nani, aseme kuna mtu.