Sifa za Indiketa Iliyokufa

Indiketa ya pikipiki iliyokufa ina adabu. Haimpi dereva wa lori lililo nyuma yako habari za safari isiyomhusu. Ukitaka kukata kulia unatoa mguu pembeni, ndiyo desturi ya bodaboda, na abiria naye anapunga mkono, wakati mwingine upande anaoujua yeye. Nani tena amewashirikisha abiria katika uendeshaji?

Isitoshe, inasomesha bure. Mwenye taa nzima hana habari kwamba kwenye pikipiki nyingi glopu moja ikiungua, mwenzake hupepesa mbio mbio kama mfiwa asiyebembelezeka, kwa kuwa flasha, kidude cha kuzipepesa taa, imekosa mzigo iliouzoea. Mtu akifunga za LED bila kubadili flasha, kilio ni kilekile: taa mpya zinakula umeme kidogo mno, flasha inadhani kuna msiba.

Heshima yangu kubwa lakini naiweka kwa kutu. Umeme hutoka betrini kwa waya, ukarudi kupitia fremu. Kutu ikishika pale waya wa ethi ulipokazwa kwa bolti, umeme huzibiwa njia ya nyumbani, ukaomba kupita kwenye glopu ya jirani. Hapo ndipo unapokanyaga breki na indiketa zikaitika, au unawasha kulia na kushoto nako kunang'aa hafifu, pasipo upendeleo. Fundi mwenye pupa atakuuzia flasha, kisha swichi, kisha betri. Fundi anayejua kazi huchukua kipande cha waya, akaunganisha ganda la glopu na hasi ya betri. Ikiwaka vizuri, anaomba msasa tu. (Huyo hatajirika.)

Fyuzi siisifu: ikikatika, mara nyingi honi nayo hunyamaza, na hata mtoto anajua pa kutazama. Unaostahili sifa ni waya unaokatikia shingoni mwa usukani: nje mzima, ndani marehemu. Ukipinda kushoto taa inawaka, ukinyoosha inazima, na ukifika kwa fundi inawaka muda wote.

Wa kulaumiwa ni indiketa nzima. Pikipiki nyingi hazina kile kifaa cha gari kinachorudisha swichi usukani ukinyooka. Basi kijana ametoka Mwenge, amekata kulia Ubungo, na bado anapepesa kulia hadi Kimara, huku dereva wa daladala nyuma yake akimsubiri akate.