Namba ya Kwenye Boksi

Jamani, sogeeni kwenye benchi hapa tusemezane. Jana jioni, bodaboda zimejaa stendi ya Nateete na moshi wa jiko la chapati unatuchoma macho, kijana wetu anayehariri video za kwanjula, zile sherehe za utambulisho, alikuja na boksi kwapani. Uso unang'aa. Kadi mpya ya grafiksi, Radeon RX 6500 XT, na plastiki yake haijabanduliwa. RX 580 aliyokuwa nayo keshaiuza ili aongezee hela. Nilisonya kwa nguvu mpaka kinyozi wetu Mkongomani akazima mashine yake aone kuna nini.

Kuna nini? Niliumia, basi. RX 580 ilitoka Aprili 2017, RX 6500 XT ikatoka Januari 2022, na mtu yeyote angedhani katika miaka hiyo karibu mitano kadi imekua. Haya, pimeni wenyewe. Ile aliyouza ilikuwa na gigabaiti 8 za kumbukumbu, hii mpya ina 4. Ile ilizungumza na madabodi kwa njia 16 za PCIe, hii imepewa 4 tu. Kwenye madabodi ya kisasa yenye PCIe 4.0 njia hizo nne zinatosha kwa kiasi. Lakini mashine zetu hapa mnazijua: Dell OptiPlex na HP zilizostaafu kwenye maofisi ya watu, PCIe 3.0 ukibahatika, 2.0 usipobahatika, na kila ukishuka toleo moja upana wa njia unakatika nusu. Zile gigabaiti 4 zikishajaa, kadi inaanza kuomba ramu ya mashine kupitia mlango huo mwembamba, na picha inakwama. Kwenye mashine za namna hiyo RX 580 inaipita hii mpya mara nyingi.

Na hilo ni la gemu. Kwa kazi yake kuna baya zaidi: RX 6500 XT haina kabisa sehemu ya kubana video, na RX 580 inayo. Chipu yake ilikusudiwa laptopu, ambako prosesa iliyo pembeni inaibeba kazi hiyo. Sasa sherehe ya saa tatu, wakwe wamekaa, mashangazi wanaimba, akitaka kuitoa iwe faili ampe mteja, mzigo wote unaiangukia prosesa yake kuukuu. Aa! Nani alimshauri? Muuzaji alimwambia neno moja, "mpya", naye akahesabu noti.

Dereva mmoja wa taksi akanikatiza: "Mzee, wewe unapenda vya zamani tu." Hapana, ssebo. Nimemjibu na nawajibu nyote. Chukua GTX 1080 Ti ya Machi 2017, gigabaiti 11, fahari ya wakati wake. Mpaka leo inachezesha gemu nyingi bila aibu. Iweke karibu na RTX 4060 ya Juni 2023: mpya inaitangulia kidogo tu kwa kasi ya kawaida. Lakini ya zamani ikikaza msuli inakula wati 250, mpya inakula 115. Tofauti ni wati 135. Fanya kazi nzito saa nane kwa siku, umeshakula zaidi ya yuniti moja ya umeme wa Yaka ambayo jirani yako mwenye kadi mpya hakuila. Kesho tena. Keshokutwa tena. Tena zile mashine ndogo za ofisini, nyingine zina pawa saplai ya wati 240 kwa mashine nzima, hiyo 1080 Ti utaichomeka wapi? Halafu draiva: Nvidia walitangaza kwamba kizazi hicho cha GTX 10 kingepata draiva za kawaida za gemu mpaka Oktoba 2025, baada ya hapo ni viraka vya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Hapo mpya inashinda, na nasema wazi inashinda.

Mimi siwezi kulichukulia jambo hili kama mchezo wa vijana, kwa sababu hapo jirani tu, Wakaliga, Nabwana I.G.G. alijifundisha kutengeneza filamu kwenye kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri vya mtumba. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitoka humo, helikopta na milipuko yote, ikazunguka dunia. Na nakala ya asili ya filamu ile haipo tena. Fikirini hilo. Watu wa upande huu wa Kampala tumeonyesha tunaweza kufanya makubwa na chuma kikuukuu, ila chuma kikitutupa, kazi inakwenda nacho. Ndiyo maana mtu akimuuzia kijana wa Nateete kadi isiyofaa kazi yake, mimi nasonya.

Na majina yenyewe yanadanganya. GT 1030 ilitoka 2017 na kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine, jina lilelile GT 1030, yenye DDR4, inapitisha 16.8. Theluthi moja! Kuna wale wanaochukua kadi ya 2010, GTS 450, wakabadilisha programu yake ya ndani ijiite GTX 1050 Ti. Windows inaamini. GPU-Z, programu ya bure, haiamini: kwa kadi nyingi za namna hiyo inaandika FAKE mbele ya jina. Kuna na zile kadi zilizochimba sarafu za kidijitali usiku na mchana mpaka Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, Septemba 15, 2022, zikamwagwa sokoni. Hizo si lazima ziwe mbovu, ila feni zake na mafuta ya kupitishia joto vimechoka. Kagua kwanza.

Kijana wetu leo asubuhi amekwenda kumtafuta aliyenunua ile RX 580 yake, amwombe wabadilishane. Namuombea amkute. Nanyi mnaokwenda kununua wiki hii: bebeni mashine yenu mgongoni mwa boda, mwambieni muuzaji aichomeke kadi humo humo, mfungue GPU-Z, mtoe video yenu wenyewe ya dakika kumi mkiangalia saa. Akikataa kuwasha, noti zibaki mfukoni.